Gesi ya Kinyerezi inatuhusu nini sisi wa Zuzu?

Toleo lililopita tuligusia Kinyerezi II, mtambo wa umeme wa gesi ulioko Dar es Salaam, kwa aya mbili tu, tukadhani yameisha. Barua zilizotufikia kutoka Nzuguni, Chamwino, Manyoni, Kondoa na Kibaigwa zimetukumbusha kwamba gridi ni moja, na kinachofanyika Dar es Salaam kinasikika mpaka huku Dodoma, kwenye kituo chetu cha kupoza umeme cha Zuzu. Zilizouliza bei ya uniti za LUKU tumeziweka kando kwa leo. Haya ni maswali ya mafundi, na majibu ni ya mafundi.

Bwawa la Nyerere lipo. Gesi ya nini tena?

*Habari za kazi, wahariri. Tunaambiwa Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, na maji ya mto hatuyanunui. Sasa kwa nini tunaendelea kuchoma gesi? Msomaji, Nzuguni.*

Nzuri, karibu. Hesabu yako iko sawa: mashine tisa, kila moja megawati 235. Ila megawati zinakuambia mashine inaweza kusukuma kwa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Hazikuambii maji yatatosha siku ngapi.

Chukua bwawa la jirani, Mtera, ambalo wengi wetu tunalipita tukienda Iringa. Maji yake hufanya kazi mara mbili: yanazungusha mitambo ya Mtera (megawati 80), halafu yanateremka na Ruaha Mkuu mpaka Kidatu (megawati 204). Ukijumlisha maporomoko ya vituo vyote viwili, takribani mita 275, mita moja ya ujazo wa maji inakupa kama theluthi mbili ya uniti. Yaani uniti moja ya umeme nyumbani kwako inakula maji mita 1.5 za ujazo, mapipa saba na nusu ya lita 200. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka hadi 690, maji ya kuzalishia umeme yamekwisha. Kati ya alama hizo mbili ndiyo akiba yote ya kiangazi.

Sasa weka Kinyerezi II upande wa pili wa mizani. Mtambo huo, uliozinduliwa mwaka 2018, una megawati 240. Ukifanya kazi siku nzima kwa uwezo wake wote unatoa uniti milioni 5.76. Kuzipata uniti hizo Mtera na Kidatu ungetumia maji mita za ujazo kama milioni 8.6. Siku ambayo gesi imechomwa, maji hayo yamebaki bwawani yakisubiri Oktoba.

Sababu ya pili ni mahali. Umeme wote wa Bwawa la Nyerere, huko mto Rufiji, unatoka kwa laini za kilovoti 400 kwenda Chalinze. Njia hiyo ikipata hitilafu, megawati zote zinaondoka kwa pamoja hata kama bwawa limefurika. Kinyerezi iko ndani ya Dar es Salaam, mlangoni kwa mteja mkubwa kuliko wote.

Tuseme na upande wa pili: mvua zikiwa kubwa na bwawa likaanza kumwaga maji bure, kuendelea kuchoma gesi nyingi ni kutupa hela. Wakati huo mashine za gesi zisizo na mvuke zizimwe kwanza, na zile za gesi na mvuke zishushwe hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Kwa nini mpangilio uwe huo, soma jibu linalofuata.

Umeme wa ziada kwa gesi ileile unatoka wapi?

*Shikamooni. Nasoma ufundi umeme hapa Dodoma, mwaka wa pili. Mwalimu alisema mtambo wa gesi na mvuke unatoa umeme zaidi kwa gesi ileile. Sielewi nyongeza hiyo inatoka wapi. Na kama ni nzuri kiasi hicho, mbona mitambo mingine haina mvuke?*

Marahaba. Sogelea ekzosi ya lori lililomaliza kupanda Kitonga, bila kuigusa. Joto lile ni dizeli iliyolipiwa, inakwenda angani. Mtambo wa gesi una ekzosi ya namna hiyo, ila kubwa mno.

Ndani ya mashine ya gesi kuna shafti moja ndefu. Mbele ni kompresa: safu kwa safu za mapanga zinazovuta hewa na kuibana mara 15 hadi 20. Katikati ni vyumba vya kuchomea gesi. Nyuma ni tabaini, mapanga yanayosukumwa na hewa ile ya moto. Kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui ni kwamba zaidi ya nusu ya nguvu inayotoka kwenye tabaini inarudi mbele kuendesha kompresa. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye jenereta. Na hewa inayotoka nyuma bado ina nyuzi joto 550 hadi 600. Mashine ikiwa peke yake, joto hilo linapanda bomba la moshi likapotea. Katika kila sehemu 100 za joto la gesi unapata umeme sehemu 33 hadi 38 tu.

Kwenye mtambo wa gesi na mvuke, hewa hiyo inapitishwa kwenye boila isiyo na moto wake yenyewe. Inakutana kwanza na mabomba ya kuupandisha mvuke joto, kisha ya kuchemshia maji, mwisho ya kupasha maji baridi yanayoingia. Inatoka ikiwa na nyuzi kama 100. Mvuke uliopatikana unazungusha tabaini ya pili na jenereta yake. Kinyerezi II ina mashine sita za gesi na mbili za mvuke, na kwa kawaida ya mitambo ya aina hii theluthi mbili ya umeme ni ya gesi, theluthi moja ni ya mvuke. Jumla inafika sehemu 50 katika 100. Mashine mpya kubwa za nchi nyingine zimevuka 60.

Hesabu kwa gesi. Mashine isiyo na mvuke, yenye ufanisi wa asilimia 33, inachoma futi za ujazo 10.3 kwa uniti moja. Yenye mvuke, kwa asilimia 50, inachoma 6.8. Kwa megawati 240 siku nzima, ya kwanza inataka futi za ujazo milioni 59, ya pili milioni 39. Tofauti ya milioni 20 kila siku. Ndiyo maana tulisema zisizo na mvuke zizimwe kwanza.

Mbona basi si zote? Kwa sababu boila, kondensa na tabaini ya mvuke ni ghali na ni vizito kuamka. Mashine inayohitajika saa 1 hadi saa 4 za usiku tu, wakati watu wanapika na kuangalia taarifa ya habari, itazimwa boila likiwa ndiyo kwanza limepata moto.

Kwa kuwa unasomea ufundi, tukutajie na sehemu zinazosumbua, maana huko ndiko utakakofanyia kazi.

Kondensa. Mvuke ukimaliza kazi unapozwa uwe maji, na humo ndani lazima kuwe na ombwe, presha kama moja ya kumi ya hewa ya kawaida au pungufu. Hewa ikipenya kwenye kiungio kimoja kilicholegea, presha inapanda na megawati zinashuka bila kengele yoyote kulia. Mafundi wa zamani hupaka povu la sabuni ya kunyolea kwenye viungio mashine ikiwa inafanya kazi. Mahali povu linapofyonzwa ndani, ndipo penye tundu. Leo wapo wanaotumia gesi ya heliamu na kifaa cha kunusa, lakini povu halijastaafu.

Maji ya boila. Hayana uhusiano na maji ya bomba. Yanasafishwa mpaka yakose chumvi, oksijeni inaondolewa ibaki chini ya sehemu 10 katika bilioni, na uchachu unapimwa kila wakati ubaki kwenye pH 9 na ushee. Bomba moja la kondensa likitoboka na maji ya kupozea yakaingia, chumvi inakwenda moja kwa moja kwenye boila na mapanga ya tabaini. Mwenye zamu akiona kipimo cha chumvi kinapanda hasubiri kikao.

Vichomeo. Nyuma ya tabaini ya gesi kuna duara la vipimajoto. Vyote vinatakiwa kusoma karibu sawa. Upande mmoja ukisoma chini sana kuliko mwingine, ujue kichomeo cha upande fulani kimeziba au kimepasuka, na mtambo unajizima wenyewe kabla panga halijaungua. Mara nyingi chanzo ni matone ya kimiminika yaliyosafiri na gesi. Ndiyo sababu gesi hupita kwenye vitenganishi na kupashwa joto kabla ya kuingia.

Na vumbi. Kompresa ikishika uchafu inapoteza asilimia kadhaa za nguvu. Dawa ni kuiosha: mashine inazimwa, inaachwa ipoe saa nyingi, inazungushwa polepole kwa mota ya kuwashia huku inapuliziwa maji safi yenye sabuni. Unaangalia maji yanayotoka kwenye bomba la chini. Yakianza kutoka meupe, umemaliza. Yakiwa bado ya rangi ya chai, rudia.

Kwa nini mtambo kama huo usijengwe Dodoma?

*Makao makuu ya nchi yako hapa. Kwa nini gesi isivutwe mpaka huku tukawa na mtambo wetu? Msomaji, Chamwino.*

Swali zuri, na jibu lina hewa, maji na waya.

Hewa kwanza. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na ya pwani. Mashine ya gesi inameza hewa kwa ujazo, haichagui uzito. Mashine iliyoandikwa megawati 30 kiwandani, hapa inakupa 26 hivi. Haiharibu gesi, kwa kuwa inachoma pungufu pia, lakini umenunua chuma cha 30. Ongeza joto: kibao cha kiwandani huandikwa kwa nyuzi 15, na kila nyuzi moja juu ya hapo inapunguza nguvu kwa asilimia 0.5 hadi 0.9. Mchana wa Novemba wenye nyuzi 31, umeshapoteza asilimia kumi nyingine. (Dar nako ni joto, kwa hiyo hasara hii ya pili ni ya wote. Ya mwinuko ni yetu peke yetu.)

Kisha maji, na hapa ndipo pagumu. Mtambo wa gesi na mvuke unaopozwa kwa mnara wa maji unapoteza kwa mvuke karibu robo tatu ya mita ya ujazo kwa kila megawati-saa. Kwa megawati 240 siku nzima ni lita milioni 4.3, sawa na maboza 430 ya lita elfu kumi. Mji unaotegemea visima vya Makutupora na Mzakwe hauwezi kutoa kiasi hicho kila siku kwa ajili ya kupozea mvuke. Unaweza kupoza kwa hewa, kwa mafeni makubwa yaliyopangwa juu kama dari ya ghala. Inawezekana, ila mafeni yenyewe yanakula umeme, na saa nane mchana, hewa ikiwa ya moto, ombwe la kondensa linapungua na megawati nazo zinashuka.

Mwisho waya. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara linaishia Dar es Salaam. Kulileta huku ni mamia ya kilomita za kuchimba na kuchomelea, wakati umeme unasafiri vizuri ukipandishwa msongo. Piga hesabu ya megawati 200 kwa laini ya kilomita 350. Kwa kilovoti 400, mkondo ni kama ampea 289. Waya ukiwa na ohmu 0.03 kwa kilomita, unapoteza megawati 2.6 njiani, asilimia 1.3. Mzigo huohuo kwenye kilovoti 220, waya wa ohmu 0.07, unapoteza kama megawati 20. Hapo unaona kwa nini laini za kilovoti 400 zinapewa kipaumbele kuliko mtambo wa Dodoma.

Gesi kwa ajili ya magari na majiko ni habari nyingine kabisa, hatujaipinga. Ila kwa umeme, Zuzu inahitaji zaidi transfoma za kutosha, vifaa vya kurekebisha volti na njia ya pili ya kuingizia umeme.

Moshi mweupe ule ni sumu?

*Nilipita karibu na mtambo wa gesi asubuhi nikaona wingu jeupe. Tunavuta nini? Msomaji, Area C.*

Mnara wa kupozea hutoa mvuke wa maji, ndio huo mweupe wa asubuhi penye ubaridi. Kinachotoka kwenye bomba la moshi wenyewe hakionekani: hewa, kaboni dayoksaidi na oksaidi za naitrojeni. Kwa kaboni dayoksaidi, mtambo wa gesi na mvuke unatoa kama kilo 0.4 kwa uniti, usio na mvuke kama 0.6. Oksaidi za naitrojeni zinapunguzwa kwa kuchanganya gesi na hewa vizuri kabla ya kuiwasha ili moto usipate kona zenye joto kali.

Mashine moja itripu Rufiji, Manyoni tulale giza?

*Nimesikia mara nyingi kwamba “mashine ilitoka kwenye gridi” ndipo umeme ukakatika. Sisi wa Manyoni tuna uhusiano gani na mashine moja ya huko? Na kwa nini nyingine zisizibe pengo?*

Zinaziba. Suala ni sekunde.

Umeme wa gridi hauna ghala. Jenereta zote zilizounganishwa zinazunguka kwa mwendo uliofungamana, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mwendo huo ndio frikwensi, nayo inatakiwa iwe hezi 50. Mzigo ukizidi nguvu inayosukuma, zote zinapungua mwendo kwa pamoja. Tuseme usiku gridi ina mzigo wa megawati 1,500 na mashine moja ya 235 ikatoka. Kwa uzito wa kawaida wa mashine zilizobaki, frikwensi inaanza kuporomoka karibu robo tatu ya hezi kila sekunde. Hujamaliza kusema “jamani,” iko 49.

Kinachozuia kwanza ni uzito wenyewe wa mashafti yanayozunguka, yakitoa nguvu yaliyoihifadhi. Ndani ya sekunde chache gavana za mashine, yaani vifaa vya kurekebisha mwendo, zinafungua gesi au maji zaidi. Gavana iliyopangwa kwa asilimia 5 inamaanisha hivi: frikwensi ikishuka nusu hezi, mashine inaongeza asilimia 20 ya uwezo wake. Mashine ya megawati 40 inaongeza 8, kama ilikuwa na nafasi. Ikiwa tayari inaendeshwa kwa ukomo, inaongeza sifuri.

Hapa maji na gesi vina tabia tofauti, na ndiyo maana hatupendi kuona gridi imewekwa kwenye kapu moja. Ukifungua ghafla milango ya maji, maji mengi yaliyo kwenye bomba la kushukia ni mazito; yanachukua muda kushika kasi, na kwa sekunde ya kwanza nguvu inashuka kidogo badala ya kupanda. Baadaye ndipo yanakuja kwa wingi na kwa muda mrefu. Mashine ya gesi inaongeza moto na jibu linaonekana karibu papo hapo. Mwanzo ni wa gesi, mwendelezo ni wa maji.

Lakini gesi nayo ina kasoro yake. Frikwensi ikishuka, kompresa, kwa kuwa iko shafti moja na jenereta, inazunguka polepole na kuvuta hewa pungufu. Mashine iliyokuwa ukomoni inaona joto la ekzosi linapanda, inajipunguzia gesi ili isiungue. Yaani wakati gridi inapoomba msaada, inapunguza. Na upande wa mvuke hauchangii upesi, kwani boila inafuata joto la gesi kwa dakika. Tiba ni kuendesha mashine za gesi kwenye asilimia 85 hadi 90 hivi na kuiacha nafasi iliyobaki kwa siku ya shida. Mhasibu hapendi nafasi hiyo maana inaonekana kama umeme ambao haukuuzwa. Wenye zamu kwenye chumba cha udhibiti wanaipenda sana.

Vyote hivyo visipotosha, kuna relei kwenye vituo vya kupoza umeme zinazopima frikwensi na kukata laini za wateja kwa zamu ili kuokoa zilizobaki. Ndipo Manyoni inapoingia. Laini yenu inaweza kukatwa kwa sababu tu imepangwa kwenye kundi la kwanza, wala haina ubovu wowote. Relei zikichelewa, frikwensi inafika mahali mashine zenyewe zinajitoa kulinda mapanga yake, moja baada ya nyingine, na hapo ni giza la nchi nzima.

Kwa nini gesi isiwashwe mara moja baada ya giza?

*Gridi ikizimika yote, gesi si iko bombani tayari? Kondoa tunakaa saa nyingi. Msomaji, Kondoa.*

Mtambo wa gesi unahitaji umeme ili uwake. Mota ya kuwashia lazima izungushe shafti mpaka kompresa itoe hewa ya kutosha. Pampu za mafuta ya beringi zianze kabla ya chochote. Na kama presha ya bomba ni ndogo, kuna kompresa ya gesi pia. Penye jenereta ya dizeli ya kazi hiyo, sawa. Isipokuwepo, unasubiri umeme wa mwenzako. Mtambo wa maji unaridhika na betri na mafuta yenye presha ya kufungulia milango, kwa hiyo kwa kawaida uamsho huanzia kwenye maji.

Ukishapata umeme, boila inapulizwa hewa tupu dakika kadhaa kufukuza gesi iliyobaki, vinginevyo cheche ya kwanza ni mlipuko. Mashine ya gesi inaweza kufika mzigo kamili ndani ya dakika 20 hivi. Mvuke haukimbizwi. Pipa la boila lina kuta nene za chuma. Ukilipasha haraka, ndani kunatanuka kabla ya nje na nyufa zinaanza kwenye machomeleo. Mtambo uliozimika usiku mmoja tu unarudi kwa saa moja au moja na nusu. Uliopoa siku tatu unataka saa tatu hadi tano. Shafti la mvuke nalo, tangu kuzima, lazima lizungushwe polepole bila kuachwa. Likisimama likiwa la moto linapoa bila usawa na kupinda, na kuwasha lililopinda ni kusaga mapanga.

Kwa Kondoa kuna jambo jingine. Laini ndefu isiyo na mzigo hupandisha volti mwishoni. Kipande cha kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Dodoma, kilomita 225, kinazalisha chenyewe karibu megavari 135 (umeme unaopandisha volti, si ule wa kufanya kazi), kiasi ambacho mashine moja ya megawati 40 haiwezi kukimeza. Kwa hiyo unaanza na laini fupi za kilovoti 220, unawasha riakta za kumeza volti, unaongeza mzigo kidogo kidogo. Na kila mtaa ukirudishiwa umeme, friji, pampu na pasi vyote vinaamka pamoja; kwa dakika za mwanzo mzigo unaweza kuwa mara mbili ya kawaida. Ukizima vyako na kuacha taa moja ya kukuambia umeme umerudi, unamsaidia aliyeko zamu.

Mashine yangu ya kusaga inaunguruma jioni

*Wakuu, nina mashine ya kusaga na kukoboa Kibaigwa, mota ya farasi 30. Kuanzia saa 1 usiku inaunguruma, inapata moto, mwezi uliopita imeungua waya. Jirani anasema ni kwa sababu Kinyerezi wamezima. Kweli?*

Pole sana, fundi. Hapana. Kinyerezi ikizimwa, frikwensi ya nchi nzima ingelalamika. Volti ndogo ya jioni ni tatizo la jirani zaidi: laini ndefu ya kilovoti 33, transfoma iliyozidiwa au kiungio kilicholegea. Mtambo wa Dar unaweza kuishika volti ya Dar. Msaada huo haufiki Kibaigwa.

Pima mwenyewe kabla ya kulaumu. Saa 2 usiku, mashine ikiwa inasaga, fundi mwenye leseni apime kwenye swichi kuu kati ya fezi na fezi, mara tatu. Zote zikisoma chini kwa usawa, tuseme 340 badala ya 400, tatizo ni la laini au transfoma. Muulize jirani wa transfoma nyingine naye apime. Moja ikiwa chini na mbili ziko sawa, ni kiungio au fyuzi ya fezi moja, na hiyo ndiyo inayounguza mota haraka zaidi. Andika saa na namba, upeleke kwa shirika la umeme. Karatasi yenye vipimo vya siku tatu inasikilizwa kuliko maneno.

Kwa volti 340, mota yako ya kilowati 22, ambayo kawaida inakula ampea kama 42, itavuta 49 kwa mzigo uleule, na joto la waya linapanda zaidi ya theluthi moja. Nguvu yake ya kukamata nayo inashuka hadi asilimia 72. Kwa hiyo volti ikishuka kidogo, punguza mahindi kwenye mdomo wa mashine; ikifika 340, acha, saga mchana.

Relei ya kuzidiwa iweke kwenye ampea za kibao cha mota, zisizidi. Wengi huipandisha ili mashine “isikate kate,” na hao ndio wateja wa mafundi wa kusuka mota. Funga relei ya kulinda fezi, iweke ikate chini ya volti 360 baada ya sekunde 5, na irudishe baada ya dakika 5. Kapasita ya ukubwa unaoifaa mota yako ifungwe kwenye kontakta ya mota yenyewe ili izimike nayo. Itapunguza mkondo kwenye waya wako wa kuingilia na kurudisha volti chache. Kinu na kinachokoboa visianzishwe pamoja. Anza kimoja, subiri mwendo ukae, ndipo uwashe cha pili.